Mzee Aliposhika Mrija kwa Kushoto

Baba yangu hakuwahi kusema jambo la maana akiwa amesimama. Hata kama ng'ombe amevunjika mguu, atakusalimu kwanza, atakupa kiti, kisha ataulizia mvua ya Malaba, kana kwamba mvua ya Malaba ni nyingine na ya kwake Moding ni nyingine. Mkimaliza mvua mnaingia kwenye wimbi la shambani. Mkitoka kwenye wimbi mnaingia kwa ng'ombe, halafu wagonjwa wa kijiji, halafu nani ameoa na nani ameachwa. Jambo lenyewe linakuja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, wakati wewe umeshasahau kwamba uliitwa kwa sababu fulani.

Na alitaka umwangalie. Ukigeuza macho kufuata kuku au mtu anayepita njiani, hakukemea. Aligonga mkono wa kiti chake mara mbili kwa kidole, tok tok, akarudi mwanzo, kwenye mvua. Tukiwa watoto ilituudhi sana. Mimi na kaka yangu tulijifunza kumkazia macho kama watu wanaopigwa picha, ili tu amalize tukacheze. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hakuwa anapoteza wakati. Alikuwa anaangalia kama mtu aliye mbele yake amefika kweli, au ni mwili wake tu uliokaa pale.

Mimi nafanya kazi Malaba, kwenye ofisi ndogo inayoshughulikia makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Uganda. Madereva wa malori hunitumia picha za hati zao wakiwa bado kwenye foleni, na mimi nazijaza kwenye kompyuta ili wakifika mpakani wasikwame. Kwa hiyo simu ni kazi yangu, na hiyo ndiyo sababu niliyompa kila mtu aliyeniuliza kwa nini siiweki chini. Ni sababu nzuri. Ilikuwa ya kweli kwa robo ya siku.

Robo tatu zilizobaki zilikuwa za ukurasa wangu. Nilianza kwa mchezo, nikampiga video dereva mmoja akisonga ugali chini ya trela lake, huku akimtukana paka aliyekuwa ananyemelea omena, wale dagaa wake. Watu wakaipenda kupita kiasi. Nikaweka nyingine, na nyingine. Muda si muda nikawa naamka asubuhi na kabla sijajua kama mtoto wangu ameamka, nimeshajua watu wangapi wamecheka. Kanisani nilikuwa naangalia kwa kuinamisha kichwa, na walioniona walidhani naomba. Nilikuwa nahisi simu ikitetemeka pajani hata siku nilizoisahau mezani.

Sikuwa peke yangu, na silisemi hili kujitetea. Sisi wanne wa ofisini tulikuwa tunakula mchana kwenye hoteli moja ya mabati karibu na stendi. Zamani meza yetu ilikuwa na kelele hadi mama mwenye hoteli anatishia kutuhamishia nje. Tulibishana kuhusu siasa, kuhusu waume, kuhusu kama samaki wa Sio Port ni watamu kuliko wa kufugwa. Sasa sahani zinapoa, kila mtu ameinama. Tunatumiana video tukiwa meza moja na kila mmoja anacheka kwa wakati wake. Shangazi yangu alipofariki, mwenzangu aliyeketi mbele yangu alinitumia picha ya mshumaa na maneno ya pole. Nikamjibu kwa picha ya mikono iliyofumbatwa. Kisha tukaendelea kula.

Jumamosi alasiri nilikuwa naenda kwa baba. Jumamosi ndiyo siku ya chungu. Kwetu Wateso ajon, ile pombe ya wimbi, hainywewi mtu na glasi yake kona yake. Chungu kinawekwa katikati, kinajazwa maji ya moto, watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Huwezi kunywa ajon umempa mwenzako mgongo. Mrija wenyewe unakulazimisha kugeukia katikati, na katikati kuna nyuso za watu.

Na ina sheria zake. Huchungulii ndani ya chungu. Ukitaka kupiga chafya unaondoka. Na mkono wa kushoto haushiki mrija. Hiyo ya mwisho, kwa baba, ilikuwa karibu sawa na amri ya Mungu. Nilimwona akimwambia kaka yangu, mtu mzima mwenye watoto watatu, aweke mrija chini na awaombe wazee msamaha kwa sababu aliupokea kwa kushoto wakati mkono wa kulia ulikuwa umeshika mfuko wa sukari. Kaka akaomba msamaha. Hakuna aliyecheka.

Mimi nilikuwa na kiti changu kidogo upande wake wa kulia. Mrija mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Desturi sikuivunja, mnaona. Baba aliiangalia ile simu mara ya kwanza nilipokuja nayo, akaulizia kama ni ya kazi. Nikasema ndiyo. Hakuitaja tena, ila jirani yake, mzee waliyechunga naye ng'ombe tangu utoto na ambaye hakosi Jumamosi hata moja, alizoea kuniuliza kwa utani kama huyo mtu wa ndani ya simu anakunywa au ameokoka.

Jumamosi ninayotaka kuieleza, baba alianza na mvua kabla hata sijakaa vizuri. Nilikuwa nimeweka video mpya asubuhi na watu walikuwa wanabishana chini yake. Nikawa naitikia, mm, mm, huku nasoma. Akagonga kiti mara mbili. Akarudi kwenye mvua. Nikamwangalia kidogo, tukafika kwenye wimbi, simu ikatetemeka, nikainama. Akagonga tena. Nakumbuka nilichohisi, na nitakisema kilivyo: nilikereka. Niliona mzee ananisumbua. Mara ya tatu alipita mvua na wimbi haraka haraka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akaruka ng'ombe, akanisogelea.

"Mama," akasema. Alizoea kuniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Kuna kitu nataka nikuambie."

Nikainua kidole kimoja. "Ngoja kidogo tu, baba. Nimalizie hii."

Kulikuwa na mwanamke mmoja simjui, sijui hata anaishi wapi, aliyeandika kwamba sauti yangu inaboa. Nilikuwa namtafutia jibu la kumnyamazisha. Nikaliandika, nikalifuta, nikaliandika vizuri zaidi. Nilipomaliza nikainua uso, nimeridhika kabisa, nikamwambia baba haya, sema sasa.

Alikuwa anaangalia chungu. "Tutaongea," akasema.

Kisha akanyoosha mkono achukue mrija wake. Ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena, ukagonga ukingo wa chungu. Wazee wakaacha kuzungumza. Baba akautazama mkono wake wa kulia kwa muda, halafu, mbele ya watu wote, akauchukua mrija kwa mkono wa kushoto akaupeleka mdomoni.

Mimi nikaona video. Hicho ndicho nilichoona. Mzee wa amri kumi za ajon anavunja amri mwenyewe. Simu nilikuwa nimeshaiinua tangu mrija ulipoanza kumponyoka, nikaendelea kumpiga video, na yeye akanigeukia akanitazama na mrija mdomoni, na mimi nikadhani anapiga pozi. Yule jirani alinikazia macho hadi nikajisikia vibaya kidogo, lakini si kwa muda mrefu. Niliandika maneno ya juu: mzee wa desturi amesahau desturi. Nikapanga nyuso za kucheka machozi, tatu, nne. Kabla pikipiki haijanifikisha Malaba, watu walikuwa wameshaanza kucheka pamoja nami.

Jumapili na Jumatatu niliishi ndani ya ile video. Watu wa pande zote mbili za mpaka waliitazama. Wengine walisema huyo mzee amekunywa tangu asubuhi. Mwingine akasema hata babu yake ni hivyo hivyo, na wengine wakaniomba niweke sehemu ya pili. Kati yao kulikuwa na mwanamke aliyesema ni wa Tororo. Aliandika: huyo mzee hawezi kushika na kushoto kwa kupenda, muulizeni huo wa kulia una nini. Nilimpa moyo mwekundu, kama nilivyompa kila mtu. Nadhani niliwaza tu kwamba Tororo wamezidi kujifanya wajuaji.

Ninaposikia watu wakisema mitandao ni mibaya, wakaishia hapo, namkumbuka huyo mama. Aliona. Alikuwa ng'ambo, hamjui baba yangu, aliona kwenye kioo kidogo kitu ambacho mimi sikukiona nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti. Kwa hiyo siwezi kuisukumia simu lawama yote.

Jumanne asubuhi nilikuwa ofisini nikiyasoma maoni mapya wakati jirani wa baba alipopiga. Jina lake likaja juu ya kioo, likafunika sentensi niliyokuwa naisoma, nikakata. Akapiga tena, nikakata tena, nikijiambia nitampigia saa ya chakula, pengine anataka nimletee dawa ya kupe. Mara ya tatu ilikuja namba nisiyoijua na hiyo nikapokea, kwa kuwa huenda ni dereva. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, analia. Walimkuta baba ameketi chini kando ya zizi, ndoo imemwagika, mdomo umekwenda upande, anataka kusema na haitoki.

Tulimpeleka hospitali Busia. Nilikaa kwenye gari nimempakata kichwa, na nilimwambia maneno mengi sana njiani, maneno ya mwaka mzima, yeye akiangalia paa la gari. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mpole. Aliniambia ni kiharusi, kisha akauliza kama siku za karibuni tuliona dalili yoyote. Mkono kufa ganzi. Kuangusha vitu. Kubadilisha mkono wa kushikia.

Nikasema hapana. Nilisema kwa uhakika, kama mtoto mwema anayemjua baba yake, na niliamini ninachosema.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido, na bila kufikiri nikatoa simu. Mikono yangu ilikuwa inafanya hivyo yenyewe siku hizo. Ukurasa ukafunguka na cha kwanza kilikuwa baba. Nilikuwa nimezima sauti kwa sababu ya wagonjwa, kwa hiyo niliitazama kimya, bila vicheko nilivyokuwa nimeviweka chini yake. Vidole vya mkono wa kulia vilifunguka vyenyewe. Mrija ukaanguka. Ukagonga ukingo wa chungu. Kona moja ya mdomo wake ilikuwa imelegea na pombe kidogo ilikuwa inachuruzika kidevuni, na hapo ndipo mimi nilipoweka zile nyuso za kucheka. Halafu akageuka. Hakuwa anapiga pozi. Alikuwa ananitazama mimi, binti yake, akisubiri nimuone, na mimi nilikuwa namwelekezea simu.

Nikaifuta ile video pale pale. Kuifuta ilichukua muda mfupi kuliko kuandika haya, lakini haikusaidia chochote, kwa kuwa watu walikuwa wameshaichukua na kuipeleka kwao. Jioni hiyo hiyo niliikuta kwenye kundi la ukoo wetu, mtu ameileta akiuliza kama si mzee wetu huyu, amefurahi namna hiyo. Chini yake tu kulikuwa na tangazo la kumwombea baba. Mtu mmoja alikuwa amecheka juu na kusema amina chini.

Kumrudia daktari nilichelewa siku nzima. Niliona aibu. Kesho yake nilimfuata nikamweleza, Jumamosi, mrija, mkono wa kushoto. Aliandika. Nikamuuliza kama ningemleta Jumamosi ile ile ingekuwaje. Hakunificha wala hakunisuta. Alisema ingesaidia, ila kiasi gani, hakuna anayeweza kujua.

Baba alirudi nyumbani. Upande wa kulia hauendi, na maneno yamebaki moja, sauti kama "ee", ambayo anaitumia kwa ndiyo, kwa hapana, kwa maji na kwa kumfukuza kuku. Anasikia kila kitu. Macho yake ni yale yale. Jirani yake anakuja kila siku, anakaa, anamweleza habari zote za kijiji kwa mpangilio wake, mvua kwanza, na baba anamsikiliza hadi mwisho. Wakati mwingine wanacheka wote wawili, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa mabega.

Ni huyo jirani aliyeniambia. Nilimkuta anatoka langoni, nikamuuliza kama anajua baba alitaka kuniambia nini ile Jumamosi. Alinitazama kwa muda akipima kama aniambie au anihurumie.

"Huo mkono ulikuwa unamsumbua toka Jumatano," akasema. "Mimi nilimwambia tukupigie. Akakataa. Alisema maneno ya mwili wa mtu hayatumwi kwa simu, mtoto atashtuka huko kazini. Akasema unakuja Jumamosi, atakuambia akikuona."

Nilimshukuru. Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia hadi wifi yangu akaja kunitafuta.

Ningependa kusema kwamba nimeacha. Nimeufuta ule mtandao kwenye simu mara tatu na mara tatu nimeurudisha, mara ya mwisho nikiwa chooni ofisini, kama mwizi. Ukurasa wangu upo, siweki kitu, lakini naufungua kuona kama bado kuna watu. Jumamosi nikifika Moding naitia simu kwenye kopo la majani ya chai jikoni kwa wifi yangu na kufunika. Nikiwa nje kwenye chungu bado nahisi paja langu likitetemeka, na hakuna kitu mfukoni.

Chungu kimerudi pia, ila baba alikataa kabisa kushika mrija kwa kushoto. Mara ya kwanza walipompa aliusukuma. Wazee walimwambia Mungu anaona, mgonjwa hana kosa, yeye akatikisa kichwa. Ndipo jirani akahamisha kiti chake, akakaa upande wake wa kulia, pale nilipokuwa nakaa mimi, na akamshikia mrija kwa mkono wake mwenyewe wa kulia. Ndivyo wanavyokunywa mpaka leo. Mimi nilihamia mbele yao.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, wazee waliondoka mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Uganda. Tukabaki wawili na chungu kilichopoa. Nilikuwa nimelibeba lile jambo wiki nyingi, na nilijua kuna namna moja tu ya kumfikishia. Nikasogeza kiti. Nikaanza na mvua ya Malaba, kwamba barabara ya malori imejaa maji na madereva wanavua viatu. Nikaingia kwenye wimbi lake, ambalo kaka amelipalilia vibaya. Nikamweleza habari za ng'ombe, ingawa yeye ndiye anayewaona kila siku kuliko mimi. Nikataja wagonjwa, na kati yao nikamtaja yeye. Nikataja msichana wa jirani anayeolewa Bukhayo. Alikuwa ananifuata hatua kwa hatua, na aliona ninakokwenda, maana alikaa vizuri.

"Baba," nikasema, "ile siku nilikuona. Mrija ulianguka nikakuona, nikacheka. Na nikawapa watu wakucheke."

Nikainamisha uso, nikabaki naangalia mikono yangu mapajani, mitupu.

Nikasikia tok tok.

Nilidhani anataka maji. Nikanyoosha mkono nichukue kikombe na kidole chake cha kushoto kikagonga tena kwenye mkono wa kiti, mara mbili, polepole. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, na alikuwa anasubiri.

Nikajifuta uso na kiganja. Nikamwangalia, nikaanza upya, kwenye mvua.